Atokapo gerezani, matibabu yasikatike langoni

Wiki hii, msomaji mpendwa, tuzungumzie afya ya mtu ambaye ni nadra kutajwa katika kurasa kama hizi, naye ni yule anayekaribia kumaliza kifungo na kurudi nyumbani. Huenda ni mwanao, mumeo, dada yako au jirani yako. Jamaa wengi hujitahidi kuandaa mapokezi: shati jipya, kuku wa kuchinjwa, nauli ya matatu kutoka gerezani hadi nyumbani. Ni wachache mno wanaokumbuka kuulizia kadi yake ya kliniki. Hata hivyo, wiki za kwanza nje ya lango la gereza huenda zikawa ndizo zenye hatari kubwa zaidi kwa maisha yake.

Huko si kutia chumvi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2007 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia watu 30,237 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington, Marekani, kati ya mwaka wa 1999 na 2003. Katika wiki 2 za kwanza, uwezekano wa watu hao kufariki ulikuwa karibu mara 13 ukilinganishwa na wa wakazi wengine wa jimbo hilo. Wengi wao waliuawa na dawa za kulevya walizotumia kupita kiasi. Wengine walikufa kwa magonjwa ya moyo, kwa kuuawa na kwa kujitoa uhai.

Magereza yetu si sawa na ya Marekani, na matatizo yetu pia si yale yale. Lakini funzo linatuhusu. Ndani ya gereza mtu hupangiwa saa ya kuamka, saa ya kuhesabiwa, saa ya kula na saa ya kumeza dawa. Siku anapotoka, mipango yote hiyo humwangukia yeye mwenyewe, tena wakati ambapo hana kazi, huenda hana kitambulisho, na anaona haya kuwatazama watu machoni. Katika msukosuko huo, kitu cha kwanza kusahaulika ni dawa.

Maandalizi yaanze mapema

Nchini Kenya, mfungwa mwenye nidhamu anayefanya kazi zake vyema huweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake, isipokuwa kwa makosa kadhaa ambayo sheria imeyatenga. Kwa hivyo siku ya kutoka kwa kawaida hujulikana mapema, na familia haina sababu ya kushtukizwa. Ningependa maandalizi ya afya yaanze angalau miezi 3 kabla ya siku hiyo.

Tambua kwamba hili ni suala la haki wala si hisani. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya huduma za afya, na ibara ya 51 inasema aliye kizuizini hubaki na haki zake, isipokuwa zile zisizoweza kutekelezwa kwa mtu aliyefungwa. Nazo Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa uliziidhinisha mwaka wa 2015, zinataka huduma za afya gerezani ziwe za kiwango sawa na zile za raia walio nje, na zipangwe ili matibabu yaendelee bila kukatika, yakiwemo ya virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na uraibu wa dawa za kulevya.

Unapokwenda kumtembelea, muulize kwa upole mambo haya: Je, kuna dawa unayotumia kila siku? Inaitwaje, na umebakisha muda gani kuimaliza? Je, umepimwa kifua kikuu hivi karibuni? Je, muuguzi wa gereza anajua tarehe yako ya kutoka? Asipotaka kukujibu mbele ya watu, usimlazimishe. Maradhi yake ni siri yake. Mwambie tu aombe vitu viwili kutoka zahanati ya gereza kabla ya kutoka: barua ya kumhamishia katika kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani, na dawa za kumtosha hadi atakapofika kituoni humo, ikiwezekana za mwezi mmoja.

Kifua kikuu

Gereza lenye msongamano ni mahali panapoufaa sana ugonjwa wa kifua kikuu. Watu wengi hulala katika chumba kimoja, madirisha ni madogo, na mgonjwa mmoja anayekohoa huweza kuwaambukiza wenzake. Ugonjwa huu unatibika kabisa. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa za aina 4, kisha miezi 4 ya dawa za aina 2. Katika vituo vya afya vya serikali dawa hizo hutolewa bila malipo.

Taabu ni kwamba mgonjwa hupata nafuu mapema. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi na uzani huongezeka. Akitoka gerezani katika mwezi wa tatu akijihisi mzima, huona hakuna haja ya kuendelea.

Namkumbuka kijana mmoja wa miaka 26 aliyeletwa kwangu akikohoa damu. Alikuwa ametoka jela akiwa nusu ya matibabu. Nilipomuuliza kwa nini aliacha dawa, aliniambia kwamba alifika mlangoni pa zahanati ya kijijini kwao mara mbili, na mara zote mbili akarudi nyumbani. Aliogopa kuulizwa mbele ya watu alianzia wapi matibabu, kwa kuwa jibu lilikuwa jela. Kufikia wakati huo mtoto wa dada yake, waliyekuwa wakilala chumba kimoja, alikuwa tayari ameambukizwa. Kwa bahati njema wote wawili walitibiwa wakapona. Lakini tazama, msomaji, kilichotaka kuwaua hakikuwa kukosekana kwa dawa bali aibu ya kutamka neno moja.

Kwa sababu hiyo nawasihi wauguzi na matabibu wenzangu: mgonjwa akija na barua kutoka gerezani, isomeni kimya kimya. Nawe jamaa, msindikize siku ya kwanza. Dawa ikikatizwa, viini vya ugonjwa huweza kuwa sugu, na kifua kikuu sugu kina matibabu magumu zaidi.

Yajue pia mambo haya madogo. Dawa iitwayo rifampisini hugeuza mkojo uwe na rangi ya chungwa au nyekundu. Hiyo si damu wala si dalili ya hatari. Dawa hiyo pia hupunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi, kwa hivyo mwanamke anayeitumia amwombe muuguzi njia nyingine. Ikiwa nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 5 au mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, naye apelekwe kupimwa, kwani zipo dawa za kumkinga. Na mtu yeyote anayetoka gerezani akiwa na kikohozi, homa, jasho jingi la usiku au mwili unaokonda, apimwe makohozi bila kungoja.

Virusi vya Ukimwi

Wapo waliopimwa kwa mara ya kwanza gerezani na kuanza kumeza dawa za kupunguza makali ya virusi humo humo. Mtu akizimeza ipasavyo, virusi hupungua hadi kipimo kisiweze kuviona. Akifikia hali hiyo na kuidumisha, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Akiziacha, virusi huongezeka tena na kinga ya mwili huanza kuporomoka.

Ugumu mkubwa hapa ni kumweleza mke au mume. Mtu aliyekaa miaka 4 mbali na nyumbani huogopa kwamba habari hiyo itamfungia mlango. Basi huficha dawa, au huacha kuzimeza ili zisionekane. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Ushauri wangu ni kwamba mume na mke waende pamoja kwa mshauri wa afya wapimwe wote wawili kabla ya kurejea katika unyumba. Pasiwe na kulaumiana, kwani hata aliyebaki nje huenda hajui hali yake. Kwa asiye na virusi zipo dawa za kumkinga. Na iwapo mtu ameshakutana kimwili na mwenye virusi bila kinga, afike hospitali mara moja. Dawa za dharura sharti zianzwe ndani ya saa 72.

Presha, kisukari na kifafa

Maradhi haya hayana aibu kubwa, lakini nayo hukatizwa dawa kwa urahisi. Mwenye shinikizo la damu haumwi na kitu, hivyo huona hana neno hadi siku anapopooza upande mmoja. Mwenye kisukari hukaribishwa nyumbani kwa soda na chai yenye sukari tele. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla huweza kushikwa na degedege mfululizo, moja likifuata jingine, hali inayoweza kumuua. Vivyo hivyo mtu anayetumia dawa za akili asiziache kwa sababu tu amerudi nyumbani na anaonekana mchangamfu.

Upele nao haupaswi kudharauliwa. Mtu akirudi akijikuna usiku, hasa katikati ya vidole, viunoni na sehemu za siri, huenda ana upele wa kuambukiza. Wote wanaoishi katika nyumba hiyo watibiwe siku moja, hata wasiojikuna, na nguo na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Akitibiwa mmoja pekee, ataambukizwa tena.

Mahabusu hutoka bila taarifa

Mahabusu, yaani aliye rumande akisubiri kesi, yuko katika hali tofauti na ya mfungwa. Anaweza kupelekwa kortini asubuhi, akaachiliwa kwa dhamana au kesi ikatupiliwa mbali, na jioni akawa nyumbani. Dawa zake zimebaki gerezani na hakuna barua aliyoandikiwa.

Ikiwa una jamaa aliye rumande, mshauri aandike jina la dawa zake katika kikaratasi na kwenda nacho kortini kila siku ya kesi, pamoja na kadi ya kliniki ikiwa anayo. Akiachiliwa, msingoje kurudi gerezani kuchukua dawa. Nendeni kesho yake katika kituo cha afya kilicho karibu na mweleze hali ilivyo.

Unga na pombe

Sasa niseme juu ya jambo linaloua haraka kuliko yote, hasa kwa familia za Pwani na za mijini ambako heroini, au unga kama uitwavyo, imeingia majumbani.

Mtu anayetumia heroini kila siku, mwili wake huizoea. Kipimo ambacho kingemuua mtu mwingine, yeye hukivumilia. Akikaa gerezani miezi kadhaa bila kuitumia, uvumilivu huo huisha, lakini kumbukumbu ya kipimo chake cha zamani haiishi. Siku anapotoka, anapokutana na marafiki wa kale na kutumia kiasi kile kile alichokizoea, sehemu ya ubongo inayoongoza kupumua hulala usingizi. Pumzi hupungua, kisha hukoma. Si kwamba alitumia nyingi kuliko zamani, bali mwili wake ndio uliobadilika.

Dalili ni hizi: mtu hawezi kuamshwa, anapumua polepole mno au anakoroma kwa sauti ya mkwaruzo, midomo inabadilika rangi, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Piga simu 999 au 112, au tafuta gari haraka. Mtikise na kumwita kwa sauti. Ikiwa hapumui, msaidie kwa kumpulizia hewa kinywani. Ikiwa anapumua, mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimnyweshe maziwa wala maji, na usimwache peke yake alale mpaka imtoke. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha ikitolewa mapema.

Kinga ni bora kuliko tiba. Anayejua kwamba alikuwa mtumiaji aeleze hivyo kabla ya kutoka ili apangiwe matibabu. Dawa ya methadoni, ambayo huondoa kiu ya heroini, imekuwa ikitolewa nchini tangu mwaka wa 2014, zikiwemo kliniki za hospitali ya Mathari jijini Nairobi na ya Malindi katika kaunti ya Kilifi. Shirika la NACADA nalo lina simu ya msaada isiyolipiwa, nambari 1192.

Pombe ina hila kama hiyo. Mtu aliyekaa miaka 3 bila tone hawezi kunywa kama alivyokuwa akinywa zamani. Familia inayomkaribisha kwa chang'aa au kreti ya bia haimfanyii wema. Kama ni sherehe, chinjeni kuku na mpike chai.

Akili nayo huchelewa kutoka

Mwili hutoka gerezani kwa siku moja lakini akili huchelewa. Utamwona mtu mzima akisimama mlangoni akisubiri aambiwe apite. Utamwona akiomba ruhusa kwenda msalani, akila haraka haraka, akishtuka mlango unapobamizwa, au akishindwa kulala chumba kikiwa kimya. Msimcheke wala msimkaripie. Kwa wengi hali hii hupungua polepole wanapopata utaratibu wa siku: saa ya kuamka, kazi ndogo ya mkono, saa ya kula, saa ya kulala. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata huyu naye mpe jembe, kwani kazi ni sehemu ya dawa yake.

Lakini iwapo baada ya wiki 2 bado hali, halali, hataki kuonana na mtu, analia ovyo au anasema afadhali angebaki ndani au angekufa, mpeleke hospitali ya kaunti. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Humwonyesha kwamba kuna anayemjali. Zamani familia ziliogopa kutafuta msaada kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Kwa hivyo msiogope.

Mama na mtoto

Sheria inamruhusu mama aliyefungwa kukaa na mtoto wake mchanga gerezani hadi mtoto atimize umri wa miaka 4. Mama huyo akitoka, hakikisheni amechukua kijitabu cha kliniki cha mtoto. Chanjo zilizopitwa, kama vile ile ya surua ya miezi 18, zitolewe. Mtoto apimwe uzani na kimo. Huenda mtoto huyo akaogopa magari, mbwa au umati wa watu, kwa kuwa hajawahi kuviona kwa karibu, mzoesheni polepole. Mama mwenyewe, akiwa na miaka 25 au zaidi, apimwe saratani ya mlango wa kizazi.

Kitambulisho ni sehemu ya tiba

Huenda ukajiuliza kitambulisho kinahusianaje na afya. Aliyefungwa kabla ya Oktoba 2024 aliacha nyumbani bima ya NHIF. Akitoka ataikuta haipo, na mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kujisajili hufanywa kwa simu kupitia *147# au katika kituo cha afya, na nambari ya kitambulisho huhitajika. Kwa hivyo kitambulisho kilichopotea kishughulikiwe mapema katika kituo cha Huduma, na anayemtembelea mfungwa atafute nyumbani kama kipo au nakala yake. Afisa wa probesheni na naibu wa chifu wanaweza kuwaelekeza.

Siku 14 za kwanza

Kwa kifupi, mpango uwe hivi. Siku ya kutoka, mtu wa nyumbani awe langoni, kwani anayepokewa na jamaa ni vigumu kupokewa na marafiki wa unga. Kabla ya kuondoka, mkague pamoja dawa na barua. Ndani ya siku 3, afike kituo cha afya akiwa amesindikizwa. Ndani ya wiki moja, asajiliwe SHA, apimwe presha, sukari na kifua, na ajulishwe kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Kufikia siku ya 14, awe na tarehe ya kurudi kliniki iliyoandikwa ukutani, na awe na kazi ya kufanya, hata kama ni kulisha kuku.

Jirani naye ana sehemu yake. Mahakama ilitoa adhabu, na adhabu hiyo imekwisha. Neno "mfungwa" likiendelea kumfuata sokoni, kanisani au msikitini, litamfuata hadi mlangoni pa zahanati, naye atageuka arudi kama yule kijana. Na kikohozi asichotibiwa yeye, ndicho ambacho kesho huenda kikasikika kwa mtoto wako.